Jibu la Nyumba

Mama Darlène anasema Huguette alimuuza ndugu yake kwa simu, mchana kweupe, na hata sauti hakupunguza. Anaisimulia hivi kila anapopata mtu wa kumsikiliza, bombani, dukani, hata kanisani kabla ibada haijaanza: kwamba simu iliita, Huguette akaitazama na kucheka kidogo kwa pembe ya mdomo, kwamba mwanamke wa kampuni aliuliza habari za Josias kwa upole kabisa, na Huguette akajibu kuwa kijana ni mgonjwa wa kichwa, hajui kazi, hajawahi kufanya kazi, kwamba alipomaliza alifuta mikono kwenye kitenge chake kama mtu aliyeshiba. "Ni wivu tu," Mama Darlène humalizia. "Yeye aliishia darasa la sita, mdogo wake akamaliza chuo. Wivu ule haukuanza jana. Mi nilikuwa pale, nilisikia na haya masikio yangu."

Kwamba alikuwa pale ni kweli. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kichwa chake katikati ya magoti ya Huguette, nusu kimesukwa na nusu kimesimama kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Asichokisimulia ni kwamba baadhi ya maneno aliyatoa yeye.

Ilikuwa Jumanne, kama saa nne ya asubuhi, kwenye ua wa vyumba sita huko Nsambya, Kampala, chini kidogo ya nyumba za zamani za reli. Huguette alisukia watu barazani, mbele ya mlango wao, kwa sababu chumba kilikuwa kimoja na mama yake, Nabintu, alihitaji kitanda. Nabintu alikuwa na sukari na presha. Siku nzuri alichambua mboga; siku mbaya alilala akihesabu mabati.

Simu ilipoita, Huguette aliisoma namba kwanza. Ilianza na sifuri tatu moja mbili. Watu hawapigi kwa namba za namna hiyo. Watu wana namba za sifuri saba. Za sifuri tatu ni za simu zinazokaa mezani ofisini, na pale uani ofisi iliyowahi kumpigia mtu ilikuwa moja tu, ya shirika, lile linalowapa wakimbizi karatasi za kuchukulia dawa.

"Ni wao," alisema.

Nabintu aliinuka kitandani akaja kusimama mlangoni. Mama Darlène aliacha kutafuna karanga.

Kila nyumba pale uani ilikuwa na jibu lake. Shirika lilipiga bila kutoa taarifa, mara moja au mbili kwa mwaka, kuuliza nani yuko, nani anaumwa, nani anapata chochote. Aliyejigamba kidogo, akasema mwanawe amepata kibarua, aliona karatasi yake ya dawa imekatwa mwezi uliofuata. Kwa hiyo jibu lilitungwa, likakaririwa kama sala, na lilitolewa na mtu mmoja yule yule ili lisibadilike. Kwa akina Nabintu mtu huyo alikuwa Huguette. Jibu lao lilikuwa na miaka saba. Lilipotungwa Josias alikuwa na miaka kumi na saba, na lilikuwa kweli tupu: hakuwa anaongea, hakuwa anatoka, aliamka akipiga kelele. Josias alipona. Jibu lilibaki linaumwa.

"Halo, habari za asubuhi. Naongea na Huguette?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi naitwa Hajara, napiga kutoka Upeo. Nina maswali machache kuhusu Josias. Unayo nafasi?"

Upeo. Huguette hakulijua jina hilo, lakini shirika lilibadilisha watu wa kupiga simu kila mwaka, leo kampuni hii, kesho ile. Alichosikia ni Kiswahili kilichonyooka, cha mtu aliyelelewa nacho, na sauti ya mtu anayeandika huku anasikiliza. Ndivyo walivyokuwa wote.

"Nafasi iko, mama. Uliza tu."

"Unaishi naye?"

"Naishi naye. Mimi ndiye mkubwa wake."

"Vizuri. Kwa jinsi unavyomfahamu, akipewa kazi ya kukaa muda mrefu kwenye kompyuta, anavumilia?"

Hapo Huguette aliongeza umakini. Swali la kompyuta alilijua. Mwaka juzi shirika liliwapeleka vijana watatu wa mtaa kwenye mafunzo ya kompyuta, wakapewa vyeti na soda, na baada ya soda familia zao zikafutwa kwenye orodha ya dawa.

"Hapana, mama. Kichwa kinamsumbua. Akikaa mbele ya mwangaza anaona giza."

"Na macho," Mama Darlène alinong'ona kutoka chini. "Sema na macho."

"Na macho yanamtoka machozi. Tangu vita yule kijana hayuko sawa. Unaweza kumwita mara tatu, hakusikii."

Upande wa pili ulisikika mkwaruzo wa kalamu. Kisha: "Amewahi kufanya kazi mahali popote?"

"Hata siku moja. Nani atampa kazi mtu wa namna ile?"

"Na wewe, Huguette, unafanya kazi gani?"

Huguette alikuwa ameibana simu kwa bega. Mikono yake miwili ilikuwa ndani ya nywele za Mama Darlène, na shuka lililomfunika mteja mabegani lilikuwa limejaa vipande vya nyuzi nyeusi.

"Mimi sina kazi, mama. Nakaa tu na mzazi wetu mgonjwa."

"Haya. Nashukuru kwa kusema wazi."

"Aksanti, mama. Mungu akubariki. Usitusahau."

Simu ilipokatika Mama Darlène alipiga goti lake kofi. "Weee! Wewe ungekuwa mbunge! 'Unaweza kumwita mara tatu.' Hiyo uliitoa wapi?"

Nabintu alicheka hadi akashika fremu ya mlango. "Umesema vizuri, mwanangu," alisema, akaingia ndani akamletea kipande kikubwa cha muhogo alichokuwa amejiwekea mwenyewe.

*

Josias alirudi saa kumi, fulana mwilini, shati lake jeupe amelikunja mkononi lisipate vumbi. Alikuwa amebeba roleksi tatu kwenye gazeti, chapati zenye mayai mawili mawili ndani, na kwa mayai hayo Huguette alijua kuna jambo.

"Bosi mwenyewe, Mansur, amenisindikiza hadi mlangoni," alisema kabla ya kukaa. "Ameuona mtihani wangu. Amesema ni msafi."

Kwa mwezi mzima Josias alikuwa akienda na kurudi huko, kwenye kampuni ya ushauri barabara ya Port Bell iliyokuwa inatafuta kijana mmoja wa kuanza naye, wa kutengeneza programu za kompyuta. Kwanza barua. Kisha mahojiano. Kisha mtihani wa siku tatu: atengeneze programu inayoonyesha dawa zilizobaki kwenye vituo vya afya na zinazokaribia kuharibika. Aliifanyia Kisenyi, kwenye duka la Usama alikotengeneza simu miaka miwili, laptopu ya kuazima juu ya ndoo iliyopinduliwa, wateja wakimruka miguu. Nyumbani hakusema mengi. Nabintu aliwahi kumuuliza kampuni ya ushauri inafanya nini hasa.

"Wanalipwa kuwaambia watu namna ya kufanya kazi zao, mama."

"Na wenye kazi hawajui?"

"Wanajua. Ila wanapenda kuambiwa na mtu mwenye tai."

Leo hakufanya mzaha. Alikula amesimama. "Tuliomba watu thelathini na wanane. Tumebaki wawili, na mwenzangu hakumaliza mtihani. Jumatatu nasaini. Bado simu tu."

"Simu gani?" Huguette aliuliza.

"Za kuulizia. Wanawapigia watu wanaonifahamu. Mwalimu wangu wa chuo, na Usama, na…" Alijifuta mdomo. "Na mtu wa nyumbani."

Nabintu, aliyekuwa anapuliza chai yake, aliacha kupuliza.

"Mtu gani wa nyumbani?"

"Wewe, Yaya." Kwao, yaya ni mkubwa wako wa kuzaliwa, na Josias hakuwahi kumwita kwa jina jingine. "Nilitaka kukuambia leo. Wakikupigia, wewe sema tu…"

"Namba yao inaanzaje?"

Josias alimtazama. "Sifuri tatu moja mbili. Kwa nini?"

Alimgeukia mama yake, na mama yake akaangalia ndani ya kikombe.

"Walipiga?"

"Asubuhi," Huguette alisema. "Nilidhani ni wale wa dawa."

"Ukasema nini?"

Alimwambia. Hakuruka neno, hata giza la mbele ya mwangaza alilisema, hata mara tatu. Josias alikaa polepole kitandani, miguuni pa mama yake, roleksi ikiwa bado mkononi, na mafuta yakamchuruzika hadi kwenye kifundo cha mkono asiyafute.

"Halafu wakaniuliza mimi nafanya kazi gani. Nikasema sina."

Josias alifumba macho. "Mimi niliandika wewe ni meneja."

"Meneja wa nini?"

"Wa saluni."

"Saluni gani?"

"Niliipa jina. Urembo kwa Huguette."

Nyuma ya ukuta, ambao ulikuwa matofali hadi nusu na mbao hadi juu, Mama Darlène aliangua kicheko. "Meneja! Jamani, meneja ameniachia kichwa nusu tangu saa saba!"

"Ni jina zuri," Huguette alisema, na hakukusudia kulisema. Kisha akasema, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo."

"Fomu inauliza jina, uhusiano, kazi. Wenzangu wameandika daktari, wameandika wakili. Mimi…" Aliitazama roleksi kama aliyeletewa na mtu mwingine. "Niliona haya, Yaya. Ningekuja kukuambia kwamba nimeona haya kuandika msusi?"

Huguette aliokota nyuzi zilizoganda kwenye kitenge chake, moja moja, akazikusanya kiganjani.

"Ungeniambia ningekuwa meneja," alisema. "Miaka saba nimekuwa mtu asiye na kazi, na hakuna ofisi iliyowahi kunishika. Umeneja ungenishinda?"

*

Ujumbe uliingia kesho yake asubuhi. Josias aliusoma kwa sauti, tena, halafu mara ya tatu akausoma kimoyomoyo midomo ikicheza: kampuni imesitisha hatua zake kwa sasa, kwa kuwa taarifa walizopata kwa wadhamini hazilingani. Hawakusema amekataliwa. Walimtakia kila la heri.

"Nitaenda mimi," Huguette alisema.

"Uende wapi?"

"Huko. Nikamwambie yule Hajara ni mimi niliyekosea, si wewe."

"Utavaa nini?" Josias alisema, na mara ile ile akaona alichosema. Alisimama akachukua ndoo ya maji iliyokuwa imejaa tayari, akatoka nayo kana kwamba anakwenda kuijaza.

Nabintu alingoja mlango ufungwe. "Keti, Huguette."

"Nasikia nikisimama."

"Utawaambia tulidanganya. Haya. Watauliza tulidanganya kwa sababu gani. Utajibu nini?"

"Nitajibu nilichanganya watu."

"Watauliza ulichanganya na nani. Josias mwenyewe alisema kampuni ile inawatengenezea mashirika kompyuta zao. Wanaongea, hao. Wanakula meza moja." Aliunyoosha mkono akachukua kikopo cha vidonge juu ya sanduku, akakitikisa. Kilisikika kwa uchache wake. "Hiki nakisikia. Mshahara wa Josias bado uko mdomoni mwa watu."

"Akiupata atakununulia."

"Mwezi wa kwanza atalipa kodi. Wa pili atataka viatu, maana hawezi kwenda kule na vile. Wa tatu wakimfukuza? Karatasi ikishakatwa hairudi, umeona ya Mama Darlène. Analala na miguu juu ya ukuta ili isivimbe."

"Kwa hiyo tufanyeje, mama? Abaki mgonjwa?"

Nabintu hakukasirika, ingekuwa afadhali angekasirika. Alikirudisha kikopo taratibu, kifuniko kikiangalia ukutani.

"Mimi sijasema abaki mgonjwa," alisema. "Nimezaa wawili tu. Nimesema uangalie unakoweka mguu."

*

Alikwenda Alhamisi, kwa miguu, akipitia Namuwongo kando ya reli na kutokea Bugolobi, mkoba wa nywele begani kwa sababu bila mkoba ule alijisikia mikono mitupu. Alikuwa amevaa gauni aliloshonewa kwa ubatizo wa mtoto wa Mama Darlène. Lilikuwa zuri ila lilibana kwapani, kwa hiyo alitembea kama mtu aliyebeba mayai.

Getini alisimamishwa na askari wa kike, mrefu, jina lake AKULLO limeshonwa kifuani.

"Nnyabo, mama, simama hapo. Wewe nakwenda kwa nani?"

"Kwa Mama Hajara."

"Amekuita?"

"Alinipigia simu." Hilo lilikuwa kweli.

"Fungua mkoba." Akullo alitoa pakiti moja, ya pili, nyeusi, rangi ya damu ya mzee, kitana, sindano ya kushonea. "Hii yote nywele? Unauza?"

"Nasuka."

"Basi hapa umepotea. Bosi iko na kipara, msaidizi yake kipara, hata mpishi." Alicheka mwenyewe, akarudisha pakiti vizuri kuliko zilivyokuwa, akafungua daftari la wageni, akamuuliza jina lake. "Jina nimeandika. Kampuni?"

Huguette alitazama kile kisanduku kitupu kwenye mstari. Juu yake watu wengine wote walikuwa na kitu.

"Urembo kwa Huguette," alisema.

Akullo akaandika, ulimi umetoka kidogo pembeni, bila kuuliza zaidi.

Alikaa muda mrefu kwenye kiti chenye magurudumu kilichotaka kukimbia kila alipopumua. Vijana wa umri wa Josias walipita na kompyuta zao zimefunguliwa mikononi kama sinia. Mmoja alimuuliza kama yeye ndiye wa kusafisha vioo. Alisema hapana, na kijana akaomba radhi, na radhi ile ilimuuma kuliko swali.

Hajara alikuwa mwanamke wa makamo, mtandio wa buluu umefungwa vizuri, miwani imening'inia kifuani. Watu wake waliingia Kampala na misafara ya biashara kutoka pwani, zamani za babu wa babu, na kile Kiswahili kilichonyooka kilikuwa cha nyumbani kwao. Alimwingiza kwenye chumba kidogo cha vioo chenye meza, simu ya mezani na kalenda ukutani.

"Karibu, dada. Nilidhani atakuja Josias."

"Hajui kama niko hapa. Mimi ndiye niliyesema uongo."

"Upi?" Hajara alivaa miwani akafungua faili. "Maana ninao mwingi. Usama wa Kisenyi anasema kijana amemfanyia kazi miaka miwili, hajaugua hata mafua. Wewe ukasema hajafanya kazi hata siku moja. Kijana ameandika dada yake ana saluni na wasichana wanne. Wewe ukasema huna kazi."

"Wasichana wanne?"

"Wanne."

Huguette aliuvuta mkoba wake magotini. "Saluni hakuna, mama. Nasuka barazani. Msichana ni mimi."

"Na ugonjwa?"

"Ulikuwepo. Umekwisha siku nyingi. Yule anaweza kukaa kwenye kompyuta mpaka umtoe kwa fimbo."

Hajara alitabasamu kidogo, kisha akalirudisha tabasamu lake. "Nikuambie, ugonjwa haukunisumbua. Humu ndani wapo wanaomeza dawa kila siku na kazi inakwenda. Lakini tunachotaka kumpa Josias ni majina ya watu. Nani yuko wapi, anaumwa nini, anapewa nini. Akiandika apendavyo badala ya kilichopo, basi watu wataumia. Mansur amempenda. Mimi ndiye niliyesimamisha."

Alisema hivyo bila ukali, na Huguette akaona kwamba hakuwa mtu mbaya, na kwamba hilo halikurahisisha kitu.

"Saluni aliiandika kwa ajili yangu. Mengine yote ni yangu. Nifanye nini?"

Hajara alivuta karatasi nyeupe kutoka kwenye mashine, akaiweka mbele yake pamoja na kalamu. "Niandikie hivyo hivyo ulivyosema. Kwa mkono wako, na jina. Nitampelekea Mansur leo. Nafasi bado sijampa yule mwingine."

Huguette aliandika. Herufi zake zilikuwa kubwa na za mviringo, za shule ya masista, na kila neno alilisema kwanza kwa midomo. *Mimi Huguette. Sina saluni, nasuka nywele nyumbani. Ndugu yangu Josias ana kichwa kizima na anafanya kazi tangu zamani. Yale ya simu nilidanganya mimi, siyo yeye.* Aligeuza karatasi.

Hajara aliisoma, akaitikia kwa kichwa, akairudisha. "Ongeza sababu."

"Sababu?"

"Ya kudanganya. Bila sababu Mansur atasema umetumwa na ndugu yako." Alivua miwani. "Na mimi mwenyewe nataka kujua. Mwishoni uliniambia nisiwasahau. Nimepigia wadhamini miaka kumi na moja, hakuna aliyewahi kuniambia nisimsahau. Ulidhani mimi ni nani?"

Huguette aliishika kalamu tena. "Karatasi hii inasomwa na nani?"

"Mimi na Mansur. Inakaa kwenye faili lake. Mteja naye ana haki ya kuona tumemweka nani kwenye kazi yake, akiomba."

"Mteja ni nani?"

Hajara alinyoosha kalamu yake kuelekea ukutani bila kugeuka, kama mtu anayeonyesha mlango wa chumba chake mwenyewe. Huguette alitazama kalenda. Chini ya picha ya watoto wanaonawa mikono palikuwa na alama ile ile, mikono miwili na jani katikati, iliyogongwa kwenye karatasi ya dawa ya Nabintu, kila mwezi, kwa wino wa zambarau.

Mtu alipita nje ya kioo akiongea na simu. Huguette alisoma mistari yake minne. Chini yake palibaki nafasi ya kutosha kuandika sababu. Aliona mkono wa mama yake ukikirudisha kikopo juu ya sanduku. Aliona pia mafuta ya roleksi yakishuka kwenye kifundo cha mkono, na mwenye mkono asiyafute.

Aliilaza kalamu juu ya karatasi, sambamba na maneno, ili isibingirike.

"Mama Hajara. Nikuombe kitu."

"Niombe."

"Nipigie tena."

"Nikupigie?"

"Kwa simu hiyo hiyo. Mimi nitatoka mpaka pale getini, nitapokea. Uniulize yale maswali uliyouliza Jumanne, moja moja, kama hujawahi kuniona. Nitakujibu yote. Na uandike hayo utakayosikia, uyaweke kwenye faili badala ya yale." Alisikia sauti yake inataka kupanda akaishusha. "Jumanne sikujua ni nani anauliza. Hiyo ndiyo sababu. Zaidi ya hapo sina ya kuandika."

Hajara aliitazama karatasi, halafu kalenda, sasa akigeuza shingo kabisa. Alikaa akiitazama kwa muda. Kisha akageuka. Alichukua ile karatasi, akaishika kwa ncha za vidole, asiiweke ndani ya faili wala asiirudishe mezani.

"Aksanti, mama," Huguette alisema, akachukua mkoba wake.

Nje jua lilikuwa limesimama juu ya lami. Akullo alimwandikia saa ya kutoka, lakini Huguette hakutoka. Alisogea kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akauweka mkoba chini, akaitoa simu akaifuta kwa upindo wa gauni la ubatizo. Chaji ilikuwepo. Mtandao ulikuwepo, mistari yote. Kutoka pale dirisha la chumba cha vioo lilionekana, na ndani yake mtandio wa buluu, umeinama au umesimama, haikujulikana.

"Sasa unangoja nini, meneja?" Akullo aliuliza. "Bodaboda?"

Huguette aliishika simu kwa mikono miwili, kioo chake kikiangalia juu, mbali kidogo na kifua, jinsi mtu anavyoshika bakuli linalongoja kujazwa.